Jinsi ya kutumia misingi yako kuamua mambo ya kila siku: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikagoma

Naandika hii kwa sababu watu wanakwama palepale kila mara. Mtu anakaa chini anaandika maneno matano mazuri, uaminifu, familia, afya, kujiendeleza, amani, anayasevu kwenye simu, alafu kesho yake bosi anampigia anamuomba asogeze mapumziko yake mpaka wiki ijayo na anajibu "sawa" kabla hata hajafikiria. Maneno yapo kwenye simu, yametulia tu, hayajafanya kitu.

Mi mwenyewe nilikaa miezi kadhaa na karatasi ukutani, juu kabisa imeandikwa FAMILIA kwa herufi kubwa, na kazi za ziada nilikuwa nazikubali nikiwa nimekaa mbele ya karatasi hiyohiyo.

Neno moja haliwezi kukwambia ufanye nini saa kumi na nusu jioni wakati simu inaita. Ndo maana huku kuchagua maneno ni sehemu ndogo tu ya kazi. Ninaposema msingi (wengine wanaita tunu, poa tu) namaanisha kitu unachotaka kukiishi hata siku kinapokugharimu. Kama hakijawahi kukugharimu chochote, bado hujajua kama ni chako.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari na kalamu. Simu weka chumba kingine, hasa hatua ya 1 na ya 2.
- Rekodi ya matumizi yako ya pesa ya siku 30 zilizopita. Miamala ya simu au ya benki inatosha.
- Kalenda, au kama huna, meseji na simu ulizopiga zitakukumbusha ulikuwa wapi lini.
- Mtu mmoja anayekujua na asiyeogopa kukwambia ukweli. Mmoja tu.
- Vikao viwili vya kama dakika 45 kila kimoja, siku tofauti. Ukilazimisha vyote siku moja utachoka na utaanza kuandika vitu vya kupendeza.

Listi za maneno 100 za kuchagua zile unazozikuta mtandaoni usizifungue sa hizi. Ukiona "ujasiri" na "ukarimu" zimepangwa pamoja, nani atasema yeye hataki ujasiri? Utachagua mtu unayetamani watu wakuone, alafu utashangaa mbona maamuzi yako hayafanani na karatasi.

## Hatua ya 1: Kusanya ushahidi kabla ya maneno

Gawanya ukurasa mara mbili. Kushoto andika maamuzi matano uliyofanya mwaka huu ambayo ukiyakumbuka roho inatulia, hata kama matokeo hayakuwa mazuri. Kulia andika matano ambayo bado yanakuwasha. Chini yake ongeza mambo mawili matatu ambayo watu wengine wakiyafanya unakasirika kuliko wenzako wote walio hapo.

Hasira ni shahidi mzuri sana. Kama kila mtu anacheka mwenzenu anapodanganya mteja na we ndo pekee tumbo linakukaza, hapo kuna msingi umekanyagwa.

Andika tukio, usiandike sifa. "Nilikuwa mvumilivu" haitusaidii. "Mwezi wa pili nilikaa hospitali na mama siku tatu nikakosa safari ya kazi" hiyo inasaidia. Na maamuzi madogo yanaruhusiwa, kwa kweli mimi nayapenda zaidi, maana kwenye makubwa watu wengi wanatuangalia na tunajipanga, kwenye madogo tunakuwa sisi wenyewe.

Utajua imekaa vizuri: mtu mwingine akisoma ukurasa wako anaweza kuona picha ya kila tukio, nani alikuwepo, ulisema nini.

## Hatua ya 2: Chimba mpaka upate jina

Chukua tukio mojamoja ujiulize "kwa nini hili liliniuma?" au "kwa nini lilinituliza?" Jibu likija, uliza tena kwa nini juu ya hilo jibu. Mara tatu inatosha, ya nne unaanza kutunga.

Mfano. Ulikubali kusimamia kamati usiyoitaka, inakuwasha. Kwa nini? Kwa sababu inakula jioni zangu. Kwa nini hilo linauma? Kwa sababu jioni ndo nilikuwa najifunza ufundi mpya. Kwa nini ufundi? Kwa sababu sitaki maisha yangu yawe mikononi mwa mwajiri mmoja. Haya, hapo chini kabisa kuna kujitegemea. Ungeanza na listi ungeandika "kujifunza" na ungekuwa umekosea kidogo, na kidogo hicho kingekusumbua mbele, maana mtu wa kujifunza atakubali kozi yoyote ila mtu wa kujitegemea atauliza hii kozi inanipa nini nikiondoka hapa.

Vitu vitatu vinajifanya msingi wakati sio:

Lengo. Lengo linaisha. "Kununua nyumba" ukishanunua imekwisha. Msingi hauishi, leo umekuwa mkweli na kesho utatakiwa tena.

Hofu. Hii ndo inawadanganya wengi. Mtu anaandika "amani" kumbe anamaanisha "naogopa kugombana". Jipime hivi: hiyo amani yako iliwahi kukufanya useme kitu kigumu ili mambo yatulie kweli, au kila siku inakunyamazisha tu? Kama inakunyamazisha tu, ifute.

Cha kurithi. Mzazi, mwalimu, kiongozi wa dini, bosi, wote wametupa misingi na mingine ni mizuri na utabaki nayo. Jiulize tu, kama hakuna hata mmoja wao angejua nimefanya nini, ningefanya vilevile? Ukisema ndiyo, ni chako sasa.

Utajua imekaa vizuri: una majina sita mpaka nane na kila moja limeshikwa na tukio angalau mbili. Jina lenye tukio moja liache pembeni kwanza.

## Hatua ya 3: Yapiganishe, ubaki na manne

Yakiwa sita, kuna jozi 15 za kulinganisha. Yakiwa nane zinakuwa 28, inachosha, kwa hiyo punguza mpaka sita kabla hujaanza.

Ukilinganisha jozi usijiulize "lipi ni muhimu zaidi?" maana utajibu yote. Tunga hali ambayo lazima moja lipoteze. Ukweli na undugu: ndugu yako anakuomba umfichie jambo kwa mke wake, unafanyaje? Usalama na uhuru: kazi ya uhakika unayosimamiwa kila dakika, au ya wasiwasi unayojipangia mwenyewe? Andika aliyeshinda, weka alama, songa mbele. Jozi ikikushinda kabisa ruka, utaiona tena kwenye maisha tu.

Na usiogope ukiona misingi yako inagombana. Shalom Schwartz, mtafiti wa saikolojia ambaye mwaka 1992 alieleza aina 10 za misingi ambazo alizikuta zikijirudia kwenye nchi nyingi, alizipanga kwenye duara makusudi kabisa. Zilizo jirani zinasaidiana, zinazotazamana zinavutana. Kutafuta mafanikio yako binafsi na kujali ustawi wa wote zinavutana. Kutaka mambo mapya na kutaka usalama, vilevile. Ukikuta una zote mbili haujavurugikiwa, ila kaa ukijua hapo ndo vita zako nyingi zitatokea.

Wanne wenye alama nyingi ndo unabaki nao. Kwa nini wanne? Hakuna muujiza, ni kwamba ukiwa na wanane hutawakumbuka ukiwa umechoka, na maamuzi mengi mabaya tunayafanya tukiwa tumechoka.

Onyo: sasa mpelekee yule mtu wako mkweli. Usimuulize "unaonaje?" atakusifia. Muulize "kati ya haya manne ni lipi hujawahi kuniona nikiliishi?" Alafu nyamaza, usijitetee.

## Hatua ya 4: Geuza neno kuwa sentensi yenye bei

Kama una nguvu ya hatua moja tu kwenye mwongozo huu wote, iweke hapa.

Kila neno liandikie sentensi yenye vitu vitatu: nafanya nini (kitendo kinachoonekana), niko tayari kulipa nini na mwisho wake uko wapi. Tuangalie.

*Familia* peke yake haisemi kitu. Sentensi: "Kuanzia saa moja jioni mpaka watoto walale sipokei simu za kazi, hata kama kuna fursa itanipita, isipokuwa mtu yuko hatarini au nimeshaaga mapema kwamba wiki hii ni tofauti."

*Undugu:* "Ndugu akikwama namsaidia kwa kiasi ambacho hata kisiporudi sitamchukia, hata kama ataniona mchoyo, ila sikopi kwa mtu mwingine ili nimkopeshe."

*Ukweli:* "Nikiulizwa moja kwa moja sidanganyi, hata kama nitaonekana vibaya, lakini sio kila ninachokijua lazima nikiseme."

Umeona ile sehemu ya "hata kama"? Hiyo ndo bei. Watu wengi wanairuka kwa sababu ni chungu, na ndo maana siku ya siku wanashtuka. Mtu aliyeshaandika "hata kama ataniona mchoyo" akiitwa mchoyo anaumia, ndiyo, lakini hashangai. Alikuwa anaisubiri.

Na sehemu ya mwisho wake inakuzuia usiwe mkaidi. Msingi usio na mpaka unageuka fimbo, utawachapa nayo watu wa nyumbani kwako. Nimemuona mtu akimwaibisha mwenzake mbele za watu alafu anasema "mi ni mkweli tu". Huo ukweli haukuwekewa mwisho.

Makosa ya kawaida: kutumia "nitajitahidi", "inapowezekana", "zaidi". Hayo maneno yanaacha mlango wazi na utapita nao. Kosa lingine ni kuandika kitendo kinachotegemea mtu mwingine, kama "familia yangu itakuwa na furaha". Furaha yao haiko mkononi mwako, simu iko.

Utajua imekaa vizuri: jioni ya siku yoyote unaweza kujibu ndiyo au hapana kama uliishi sentensi hiyo leo. Ukijibu "inategemea", irudie kuiandika.

## Hatua ya 5: Ipimie kwenye pesa na muda wako

Toa ile rekodi ya siku 30. Kwanza kata vitu usivyo na uamuzi navyo mwezi huu, kodi, nauli, ada, madeni, saa za kazi. Hivyo havikuhukumu, na mtu ambaye kipato chote kinaishia kwenye lazima asijione hana misingi, hana nafasi tu, ni mambo mawili tofauti. Kilichobaki, pembeni ya kila kitu andika herufi ya msingi kinaouhudumia, au weka mstari kama hakihudumii hata mmoja.

Mistari itakuwa mingi. Ni sawa, burudani na uvivu kidogo havihitaji cheti. Unachotafuta ni msingi ambao hauna herufi hata moja. Umeandika afya na siku 30 hakuna hata saa moja. Hapo kuna mawili, ama sio msingi wako (uliuandika kwa aibu), au ni wako lakini kuna mazoea yameukalia. Rudi hatua ya 1 uangalie tukio lake. Likiwa bado linakuuma, ni mazoea. Likiwa halikuumi, ufute bila kujilaumu.

## Hatua ya 6: Utumie kwenye maamuzi yenyewe

Sio kila uamuzi unastahili hii kazi. Shati la kuvaa usiliulizie misingi, utachanganyikiwa. Gawa hivi.

### Madogo yanayojirudia

Haya usiyaamue kila siku, yaamue mara moja. Tumia muundo wa "ikitokea hivi, nafanya hivi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, kwamba mtu aliyeunganisha hali fulani na kitendo fulani mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kukifanya kuliko aliye na nia tu, na ukijaribu utaona kwa nini, wakati hali inapofika kitendo kinakuwa kimeshasimama mlangoni.

"Nikiombwa kazi ya ziada ghafla, nasema: nipe mpaka kesho asubuhi nitakujibu." Hiyo moja tu iliniokoa mimi kuliko ile karatasi ya ukutani. Andika tatu, usizidishe.

### Ya kati

Mwaliko, mkopo, kubadilisha ratiba, kusema jambo au kunyamaza. Jipe dakika mbili na maswali matatu:

1. Sentensi gani kati ya zangu nne inaguswa hapa? (Ikiwa hakuna, chagua lililo rahisi, endelea na maisha.)
2. Kila chaguo linailipia au linaivunja?
3. Ile bei niliyoandika, leo naiweza?

Tuseme mdogo wako anakuandikia: "Kaka, naomba nikopeshe, mwezi ujao narudisha." Ni mara ya tatu, na mbili za kwanza hazikurudi. Ukiamua kwa hisia una njia mbili, umpe yote huku umenuna, au umnyime alafu ukwepe simu zake wiki mbili. Sasa soma sentensi ya undugu: kiasi ambacho kisiporudi sitamchukia. Kiasi hicho ni kipi? Labda ni robo ya alichoomba. Basi umeshapata jibu, na linaandikika:

"Mdogo wangu, hiyo yote sina uwezo nayo kwa sasa. Nakutumia hiki kidogo, usinirudishie, ni chako. Jumamosi nina nafasi, njoo tukae tuangalie hilo deni linakujaje kila mwezi."

Hujadanganya kwamba huna kabisa, hujamtupa, na hujajiwekea kinyongo. Anaweza kukasirika bado. Bei uliiandika.

### Makubwa

Kuhama, kuacha kazi, kuoa au kuolewa, kuingia ubia. Hapa andika ukurasa mzima, kila chaguo na sentensi zako nne, ulale usiku mmoja au zaidi, usome tena asubuhi. Uliza pia nani mwingine atalipa bei ya uamuzi wako, maana kwenye makubwa mara nyingi sio we peke yako, na kama mwenzako ndo atabeba nusu ya mzigo basi sentensi zako peke yake hazitoshi, mkae mezani na zake.

Ukiwa na njaa, hasira au usingizi usiamue kubwa lolote. Na kama kuna hatari ya mwili, ya kwako au ya mtu, toka kwanza, misingi utaifikiria ukiwa salama.

## Hatua ya 7: Misingi miwili ikigongana

Watu wanadhani namba moja kwenye listi lazima ishinde kila mara. Ingekuwa hivyo basi wengine watatu wangekuwa mapambo. Mimi naenda kwa mpangilio huu:

Kwanza, kipi hakiwezi kulipwa baadaye? Mahafali ya mtoto ni siku moja. Ripoti ya kazi inaweza kuchelewa hadi kesho mkaomba radhi. Mara nyingi swali hili linamaliza kesi.

Likishindwa, naweza kutimiza nusu ya kila mmoja bila kudanganya? Kukaa sherehe kwa saa moja ukaondoka ni nusu halali. Kukaa sherehe kwa masaa manne huku unajibu meseji za kazi chini ya meza ni kuvunja yote mawili.

Likishindwa tena, hapo sasa ndo unafungua zile alama za hatua ya 3, anayeongoza anashinda. Na yule aliyeshindwa mwandikie tarehe ya kulipwa kwenye kalenda, tarehe kabisa, siyo "siku nyingine".

Utabaki na kijiuchungu hata ukiamua vizuri. Usikichukue kama dalili umekosea, kitu kizuri kimekosa zamu yake, lazima kiume kidogo.

## Hatua ya 8: Kikao cha dakika 15 kila wiki

Siku moja, saa ileile. Soma sentensi nne, kila moja ndiyo au hapana ngapi wiki hii, alafu chagua moja tu ya kuipa macho wiki ijayo. Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani wa karne ya 18, alijiwekea tabia njema 13 na kijidaftari cha kutia alama za makosa, wiki moja tabia moja, na mwenyewe alikiri kwamba ya utaratibu ilimtoa jasho na hakuwahi kuiweza. Kwa hiyo ukiona "hapana" nyingi, karibu kwenye chama.

Dalili za kuangalia kwenye kikao:

Hapana tatu mfululizo kwenye sentensi ileile. Usiongeze nia, punguza sentensi. Kutoka kila jioni iwe jioni tatu.

Ndiyo zote, wiki nne, bila kuumia popote. Sentensi yako ni rahisi mno au umeandika kitu ulichokuwa unakifanya tayari. Angalia sehemu ya bei.

Unatumia misingi kuwahukumu wengine. Ukijikuta unasema "mtu mwenye misingi hawezi kufanya hivyo" juu ya jirani yako, rudi kwenye karatasi. Zile sentensi zote zinakuhusu we, hakuna ya kwake hapo.

Kila uamuzi sasa unakupa stresi. Umeanza kuyapeleka mpaka madogo kwenye mizani. Rudi hatua ya 6, ongeza kanuni moja ya "ikitokea hivi" kama hazijafika tatu, mengine achia.

Kuhusu kubadilisha, subiri angalau miezi mitatu kabla hujafuta msingi, isipokuwa maisha yamegeuka kweli kama umepata mtoto, umefiwa au umeugua. Ukifuta siku ileile ulipouvunja ujue unakimbia bei. Na ukishaandika mpya, karatasi ya zamani usiichane, iwekee tarehe uibandike nyuma ya daftari, utaihitaji siku utakapoanza tena hatua ya 1.